Kumpisha Mheshimiwa Nyati

Ipo nchi ambayo msomaji hana haja ya kuitafuta kwenye ramani, kwa kuwa ramani zake huchorwa na wizara, na wizara hiyo bado haijakubaliana na mito. Ni nchi yenye amani kubwa. Wananchi wake hukumbushwa amani hiyo redioni kila asubuhi, wasije wakaisahau wakadhani wana njaa.

Katikati ya nchi hiyo umesimama mlima mrefu, na mlima wote ni hifadhi ya taifa. Wachora mipaka walipopanda kuupima walikikuta kijiji cha Kwamkolo kimekaa kule juu na mashamba yake ya viazi. Kwa kuwa walikuwa watu waungwana, hawakukibomoa. Walikizunguka tu, kama mtu anavyozungusha mafuta pembeni ya kidonda. Hivyo hifadhi ikawa pande zote za kijiji, na njia ya pekee ya kushuka ikawa inapita kwa wanyama. Na kwa kuwa sheria ilisema kila apitaye hifadhini ni mgeni wa hifadhi, mtu wa Kwamkolo aliyeshuka kusaga mahindi alihesabiwa kuwa mtalii wa ndani. Baada ya muda mfupi nchi hiyo ilizishinda nchi zote jirani kwa utalii wa ndani, ikapewa kombe, na kombe likawekwa uwanja wa ndege, mahali ambapo hakuna mtu wa Kwamkolo aliyewahi kufika.

Nanzia, mkulima wa viazi, alikuwa miongoni mwa watalii mashuhuri wa nchi hiyo. Aliutalii mlima kwa miguu mitupu tangu utoto wake, kwanza akiwa na kuni kichwani, baadaye na debe la viazi. Kila aliposhuka, mwongoza wageni alimsimamisha langoni na kumwonyesha kwa fimbo: "Kushoto kwako, mgeni wetu mpendwa, unaona makazi ya asili ya watu wa milimani." Makazi hayo yalikuwa nyumba yake. Mwisho wa safari aliulizwa kama amefurahi.

"Nimefurahi," Nanzia alijibu, "ila mzigo ni mzito na mnanichelewesha."

Mwongozaji alilichukua neno la kwanza, na mengine akayaacha njiani.

* * *

Ili msomaji aelewe kilichompata Nanzia, ni lazima kwanza aelezwe desturi ya kupisha. Katika nchi hiyo, wawili wanapokutana mahali pembamba, mdogo hutoka njiani na mkubwa hupita. Ndivyo ilivyo kwenye ngazi, mlangoni na hata kwenye foleni ya pilau. Maofisini watu huonekana wamesimama vizingitini mchana kutwa, kila mmoja akisubiri uthibitisho wa cheo cha mwenzake.

Sasa, mlimani pale ipo sehemu iitwayo Kigongo. Njia hapo ni nyembamba. Upande mmoja ni genge, upande wa pili ni mteremko uliojaa upupu. Mwaka uliopita, Waziri wa Maliasili, Fahari na Wageni, Mheshimiwa Daktari Mhandisi Lugusha, alitembelea hifadhi akiwa na wageni wa ng'ambo wenye kamera. Hapo Kigongo akakutana na nyati. Sekunde chache baadaye Mheshimiwa alikuwa ndani ya upupu, kichwa chini, na viatu vyake vinavyong'aa vikielekea mbinguni. Picha hiyo ilizunguka dunia nzima.

Serikali ilikaa kikao kirefu. Haikuwezekana kusemwa kwamba Waziri alimkimbia mnyama. Mwishowe Gazeti la Serikali likatangaza kwamba nyati, tangu wiki moja kabla ya tukio, alikuwa ameteuliwa kuwa Naibu Waziri Mkuu. Kwa hiyo Waziri hakukimbia. Alimpisha mkubwa wake wa kazi, tena kwa unyenyekevu wa kupigiwa mfano.

Baada ya hapo haki ilidai wanyama wengine nao wafikiriwe. Chui akawa Mkuu wa Usalama, kwa kuwa hakuna amwonaye na kila mtu anaamini yuko karibu. Mbega, kwa lile joho lake jeusi na jeupe, akawa Jaji. Pimbi, kijinyama kinachoshinda kimelala juu ya mawe bila kazi inayoonekana, alikabidhiwa shirika la umma mara tu wataalamu walipothibitisha kwamba ni ndugu wa tembo. Wananchi wasio na cheo waliwekwa mwishoni, chini ya kenge.

Zamani nyati akilala njiani, watu wa Kwamkolo walipiga mabati, wakawasha moshi wa majani mabichi, naye akaondoka zake bila kinyongo. Sasa kumpigia bati Naibu Waziri Mkuu kulikuwa uasi. Jirani mmoja wa Nanzia aliwafukuza nyani katika mahindi yake, akafungwa kwa kosa la kuvuruga kikao cha kamati.

* * *

Mambo yalikuwa hivyo Foibe, binti wa pekee wa Nanzia, aliposhikwa na uchungu. Mkunga wa kijiji alimpapasa tumbo mara moja, akamvuta Nanzia pembeni.

"Mama Foibe, mtoto amelala mkingamo. Hapa mimi sina mikono ya kutosha. Anahitaji kisu cha hospitali, tena upesi, la sivyo utawakosa wote wawili."

Mbazi, mume wa Foibe, na majirani zake walifunga blanketi kwenye miti miwili, wakampakia mgonjwa, wakaanza kushuka. Langoni mwongoza wageni alikuwa amekwisha kuinua fimbo yake.

"Karibuni, wageni wetu wapendwa. Mlima huu ulizaliwa kwa moto—"

"Mwanangu anakufa!" Nanzia alimkatiza.

Mwongozaji akawaza. Hakuwa mtu mwenye roho mbaya. "Basi nitafupisha," akasema, akairuka volkano yote.

Walipofika Kigongo walikuta njia imefungwa na migongo ya watu. Mheshimiwa Lugusha alikuwa amerudi, safari hii na ujumbe mkubwa zaidi wa wageni, ili dunia ione jinsi mambo yalivyowekwa sawa. Ujumbe wote ulikuwa umesimama kofia mkononi. Mbele yao, katikati ya njia, nyati dume mwenye matope mgongoni alikuwa amelala akicheua.

"Shikamoo, Mheshimiwa," alisema Nanzia.

"Marahaba, mama," akaitikia Waziri, ambaye kwa umri Nanzia angeweza kuwa alimbeba mgongoni alipokuwa mtoto.

"Mama," Foibe aliuliza kutoka kwenye machela, macho ameyafumba, "mbona tumesimama? Kuna nini?"

"Ni serikali, mwanangu."

"Imefanya nini?"

"Imelala."

Mtu mwembamba mwenye tai ndefu aligeuka kwa hasira. Huyo alikuwa Bwana Tamimu, Afisa Itifaki wa Taifa, mtu aliyejua ni nani atangulie kuingia hata kaburini.

"Punguza sauti, mama. Mheshimiwa Naibu Waziri Mkuu yumo katika tafakuri."

"Anacheua, baba."

"Kila kiongozi ana namna yake ya kutafakari."

"Basi mwambieni atafakari pembeni! Binti yangu ana mtoto aliyekwama tumboni. Nipeni bati moja tu, mimi mwenyewe nitamwondoa."

Walinzi walizielekeza bunduki zao kwa Nanzia. Mbazi, akiwa bado amebeba mti wa machela begani, alishindwa kujizuia. "Si mna bunduki nyie? Pigeni moja hewani ainuke!"

"Bunduki hizi ni za kuwalinda wanyama," mlinzi akamjibu.

"Dhidi ya nani?"

"Dhidi yako."

Foibe akapiga ukelele uliopasua bonde, na mwangwi wake ukazunguka magengeni. Wageni wa ng'ambo waligeuza kamera kutoka kwa nyati. Hilo ndilo lililomgusa Mheshimiwa. Alimshika Bwana Tamimu kiwiko.

"Wageni hawakuja kuona hili. Mwondoe."

"Nyati, Mheshimiwa?"

"Una wazimu? Huyo mwanamke!"

"Mheshimiwa, hana pa kupita. Mgonjwa hana cheo. Kwa sheria ilivyo, hata kobe hawajibiki kumpisha." Bwana Tamimu alisugua kidevu, na taratibu uso wake ukang'aa. "Isipokuwa apewe cheo kinachozidi."

* * *

Msomaji wa nchi nyingine atadhani kwamba jambo kama hilo lilichukua miezi. Sivyo. Daraja la kijiji kile lilikuwa likisubiri kujengwa tangu Nanzia akiwa msichana, na dawa za zahanati zilikuwa njiani tangu Foibe akinyonya. Lakini uteuzi ni kitu kingine. Bwana Tamimu alizungumza na makao makuu kwa simu ya upepo, akasubiri kwa muda wa mtu kupenga kamasi, na jibu likarudi: Foibe binti Nanzia ameteuliwa kuwa Waziri Mkuu Mwandamizi Asiye na Wizara, na uteuzi unaanza mara moja.

Ujumbe ulipiga makofi. Mheshimiwa Lugusha aliinama mbele ya machela, huku akiichungulia kamera.

"Hongera sana, Mheshimiwa. Una lolote la kuliambia taifa?"

"Chupa imepasuka," akasema Foibe kwa taabu.

Maneno hayo yakaingizwa katika kumbukumbu za nchi kuwa hotuba yake ya kwanza, na mhariri mmoja alikuja kuyasifu kwa ufupi wake.

Ikabaki kumwarifu nyati. Bwana Tamimu aliinyoosha tai yake, akachukua kipaza sauti, akasogea mbele kwa hatua za heshima.

"Mheshimiwa Naibu Waziri Mkuu! Kwa masikitiko na wakati huohuo kwa furaha, nimeagizwa nikujulishe kwamba kuanzia sasa yuko aliye juu yako. Unaombwa, kwa hiari yako na bila kuchelewa—"

Nyati aliacha kucheua. Alikitazama kipaza sauti. Kisha akainuka kwa kipande kimoja baada ya kingine, kama nyumba inayojijenga yenyewe, akashusha kichwa, akaja.

Alichokiona Nanzia hakukisahau. Wabeba machela walijibana kwenye upenyo mdogo wa mwamba ambao wenyeji waliufahamu. Wajumbe wote, kwa vyeo vyao, walimiminika kwenye upupu bila hata mmoja kumtanguliza mwenzake. Bwana Tamimu alisahau kuzima kipaza sauti, hivyo bonde zima lilimsikia akimwita mama yake. Nyati alimfuata kwa kelele zile, wote wawili wakashuka mteremko, na kishindo chao kikafifia msituni. Njia ikawa nyeupe.

Mheshimiwa Lugusha alitoa kichwa kwenye majani, akijikuna shingo, akawatangazia wageni: "Kama mlivyoona, ametii."

* * *

Hospitali ilikuwa chini kabisa ya mlima. Daktari Shuweha, mwanamke mfupi mwenye sauti nzito, alikuwa amesimama mlangoni, mikono imekwisha kuoshwa. Alimwangalia Foibe mara moja tu.

"Mkono wa mtoto umetangulia. Mwingizeni ndani sasa hivi."

"Simama hapo!"

Alikuwa Bwana Tamimu, suruali imechanika, uso umevimba kwa upupu, lakini tai ingali shingoni. Nyuma yake yalifika magari ya Waziri na ya wageni, kwa kuwa Mheshimiwa alitaka apigwe picha akimfariji kiongozi mwenzake. Alishuka garini akijikuna kwa mikono miwili. Muuguzi alimkimbilia na dawa ya kupaka, naye akamsukuma kando.

"Mama, unataka kunifedhehesha? Mimi nitapakwa ng'ambo!"

"Daktari," alisema Bwana Tamimu, "unafahamu unataka kumtibu nani? Huyu ni Waziri Mkuu Mwandamizi. Tangu lini kiongozi wa ngazi ile akatibiwa humu nchini?"

"Huyu ni mzazi. Ana muda mfupi sana."

"Ndege inatafutwa. Wananchi wakisikia kwamba kiongozi wao amelazwa kwenye hospitali yao wenyewe, si watashikwa na hofu? Watajiuliza kama hazina imekauka."

Daktari Shuweha alirudi nyuma hatua moja. Aliyemtangulia katika hospitali ile alimtibu mbunge mmoja malaria, mbunge akapona, na kupona huko kukachukuliwa kuwa dharau kwa hospitali za nchi rafiki. Sasa daktari yule alikuwa akipima samaki kwenye kisiwa kisicho na watu. Hata hivyo Daktari Shuweha hakuondoka mlangoni.

"Mama," alimnong'oneza Nanzia, "mvue mwanao hicho cheo. Mengine niachie mimi."

Nanzia alipiga magoti mbele ya Waziri. "Mheshimiwa, nakuomba. Binti yangu anajiuzulu."

Maofisa walitazamana kama watu waliosikia lugha ya kigeni.

"Ana-nini?" akauliza Mheshimiwa Lugusha.

"Anaacha cheo. Mwenyewe, kwa hiari."

"Mama, hilo halijawahi kutokea," Bwana Tamimu alisema kwa huruma ya kweli. "Hatuna hata utaratibu wake. Kiongozi hutoka kwa kufa au kwa kufukuzwa."

"Basi mfukuzeni!"

"Kwa kosa gani? Amekuwa madarakani tangu asubuhi tu."

"Semeni ameiba."

"Mwizi huhamishwa wizara."

"Semeni ni mzembe, hajafanya kazi hata moja!"

"Huo tunauita uzoefu."

Kutoka kwenye machela ukatoka mlio mdogo, mdogo kuliko ukelele wa kule mlimani, na udogo wake ndio uliomtisha Nanzia. Midomo ya Foibe ilikuwa imepauka. Nanzia alisimama bila kukung'uta vumbi la magoti, akamkaribia Afisa Itifaki mpaka pua zao zikakaribiana.

"Niambie, baba. Katika nchi hii ni kosa gani ambalo kiongozi hasamehewi?"

Bwana Tamimu alitazama kushoto na kulia. Pengine alikuwa na mama mwenye umri ule. Pengine alikuwa amechoka kujikuna. Alijibu kwa sauti ya chini. "Kumwambia kiongozi mwenzake ukweli wake mbele za watu."

Nanzia aliinama juu ya machela. "Foibe. Mwanangu, fumbua macho. Sema na huyu Waziri. Mwambie ulichokiona."

"Mama, siwezi…"

"Unaweza. Mwambie, kisha upumzike."

Foibe alifumbua macho. Alimtafuta Mheshimiwa Lugusha, akampata, akamkazia macho kama mtu anayelenga nazi kwa jiwe.

"Uliruka," alisema. Sauti ilikuwa ya kukwaruza, lakini uwanjani pale kila mgonjwa wa foleni alisikia. "Nilikuona. Ulimruka hata mlinzi wako. Ulimwogopa nyati leo, na mwaka jana ulimwogopa vilevile. Vyote hivi, vyeo vyote hivi vya nyani na pimbi, ni kwa sababu wewe ulikimbia ukaona haya kusema."

Mzee mmoja mwenye bandeji kichwani alicheka kwanza, akajaribu kugeuza kicheko kiwe kikohozi, akashindwa. Kisha wakacheka kina mama wa kliniki, na baada ya kina mama, watu wa foleni ya meno, ambao kucheka kuliwauma. Mkalimani akawatafsiria wageni wa ng'ambo, nao wakacheka, wakaziinua kamera.

Uso wa Mheshimiwa Lugusha ulipita rangi zote za bendera ya taifa.

"Amefukuzwa!" alipiga kelele. "Avuliwe kila kitu! Kuanzia sasa huyu si mtu! Ni mwananchi wa kawaida!"

Kabla hajamaliza, Daktari Shuweha na Mbazi walikuwa wamekwisha kuivusha machela kizingitini. Mlango ukafungwa usoni mwa serikali.

* * *

Walimweka koplo mmoja mbele ya wodi, bunduki magotini, ili mkosaji akamatwe atakapoweza kusimama. Nanzia alikaa kwenye benchi mkabala naye. Nje magari yaliwasha injini, yakaondoka na Waziri kuelekea uwanja wa ndege, kwa kuwa ile ndege iliyotafutwa ilikuwa imepatikana, na upupu nao ni ugonjwa.

Sauti ya kwanza kutoka ndani ilikuwa ya hasira, kama ya mtu aliyeamshwa kabla ya wakati wake. Ya pili ilikuwa kilio kamili cha mtoto. Daktari Shuweha alitokeza kichwa, aproni ina damu, na uso wake ulikuwa umechoka na umetulia.

"Msichana. Mama yake amezinduka anaomba uji."

Nanzia alifunika uso kwa kanga. Wakati huohuo, kwenye redio ya muuguzi, mtangazaji alikatiza muziki na kusoma kwa sauti ya majonzi ya kikazi kwamba serikali imemfukuza Waziri Mkuu Mwandamizi Asiye na Wizara kwa utovu wa nidhamu, na kwamba wananchi wanaombwa kuwa watulivu.

Vigelegele vikalipuka. Vilianzia kwa mama mmoja wa kitanda cha dirishani, vikaruka wodi nzima, vikatoka nje hadi kwenye foleni. Koplo akasimama kwa wasiwasi, akawakabili wanawake.

"Kimya! Mnashangilia nini? Kama ni mtoto, huyo ni mtoto wa mkosaji, na kumshangilia ni uchochezi. Nitawakamata wote!"

Wodi ilinyamaza. Nanzia alishusha kanga usoni, akampa askari macho makavu.

"Mtoto gani, afande? Umeisikia redio. Serikali imemfukuza kiongozi mbovu. Sisi wananchi tunaiunga mkono."

Koplo alifikiri. Hakuweza kupata kosa ndani ya maneno hayo, na katika nchi hiyo ambaye haungi mkono ndiye anayepelekwa kituoni. Akabana visigino, akapiga saluti, kisha, asije akaonekana amebaki nyuma, akaanza kupiga makofi.

Nanzia alipiga kigelegele cha kwanza, cha pili, cha tatu, mpaka machozi yakamtoka. Na kwa mara ya kwanza maishani mwake aliiunga mkono serikali kwa moyo wake wote.